Kliniki ya Mbalamwezi

Miezi mitatu nilimjua Mbuke kwa vipande:
paji la uso, ncha ya kitenge,
na bati lenye tundu la msumari
lililopitisha jua jembamba kama sindano.
Simu aliiegemeza kwenye debe la unga.
"Ishushe kidogo, mama," nikasema.
Akaishusha. Nikaona kuku.

Mimi niko Butimba, chumba namba sita,
feni mbovu, foleni hadi kwenye ngazi.
Yeye yuko Kome, ng'ambo ya maji,
na simu ni ya mumewe.
Usiku wa giza simu huenda ziwani
pamoja na taa na nyavu za dagaa.
Mwezi ukipevuka dagaa hawaijali taa,
mitumbwi hulala kifudifudi mchangani,
na mimi nampata mgonjwa wangu.
Kadi inataka wiki ya ishirini na nane, ya thelathini na mbili;
kalenda yangu ukutani nimeichora miviringo:
mwezi mpevu, Mbuke.
Mwezi mpevu, Mbuke.
Mwalimu wangu wa ukunga angenichapa.

Huyo mwalimu alitufunga macho kwa vitambaa,
akasema tumbo husomwa kwa vidole:
huku mgongo, huku magoti,
hapa kichwa, kigumu kama embe bichi.
Leo vidole vyangu vinasugua kioo.
Anacheza? "Anacheza."
Anachezaje? "Kama sangara kwenye beseni."
Naandika: mara kumi na zaidi,
kalamu ikisitasita.
Siku moja aliiweka simu tumboni ili nisikie.
Sikusikia moyo. Nilisikia maji,
nisijue ni yake au ya ziwa,
nikanyamaza kama mtu aliyesikia.

Ilikuwa Alhamisi aliposema, kwa kupitia tu,
kwamba ndala zinambana.
Na kichwa?
"Kichwa ni jua, sista. Nilikuwa naanika dagaa."
Bonyeza muundi kwa dole gumba,
hesabu hadi tano, achia.
Alihesabu kwa Kisukuma, polepole,
na picha ikaganda:
dole limezama hadi kwenye kucha,
mdomo wazi kwenye tano.
Salio, au mtandao, au mnara wenyewe umechoka,
nilikaa na lile dole dakika kumi na moja
huku nje wanawake wakiitana kwa namba.
Kisha ujumbe, bila nukta:
shimo limebaki sista

Nikampigia Magesa, mhudumu wa afya wa kijiji,
mwenye mashine ya presha na baiskeli isiyo na breki.
Alinisomea kwa sauti ya mtu anayesoma deni:
mia moja sitini, kwa mia moja na kumi.
Kivuko cha leo, nikasema. Si cha kesho.
Mpe simu mwenyewe.
"Mume amelala," akasema Mbuke,
"amekesha akishona nyavu."
Mwamshe.
"Na dagaa niliowaanika?"
Mwamshe, Mbuke.

Sengerema walimdunga sindano, wakamleta kwetu usiku
juu ya machela. Nilimpita mara mbili.
Nilikuwa natafuta paji la uso.
Nani aliniambia kwamba ni mfupi, kwamba ana mwanya,
kwamba atakuja na ndala za mumewe
kwa sababu zake hazimwingii tena?
"Sista Leokadia," ikasema sauti,
na mimi nikageuka kwa ghafla,
nusura niangushe trei.

Nikaweka mikono tumboni, yote miwili.
Mgongo, kushoto.
Magoti.
Kichwa, chini, palepale.
Akashtuka, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza.
"Mikono yako ya baridi," akasema.
"Kwenye simu haikuwa hivyo."